Mlango Huu wa Nani?

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Natumai kifua kimekuachia na ukungu wa macho haujazidi. Mimi sijambo kabisa. Nakula, nalala, nafanya kazi, na yeyote atakayekuuliza habari zangu akitarajia kusikia nimekonda, mwambie nimeanza kulegeza mkanda.

Wifi msalimu sana. Watoto waambie shangazi yao hayuko jela, wala hakutiwa pingu kama walivyosimuliwa shuleni. Na wewe kaka, shikamoo, kwa kuwa najua karatasi iko mkononi mwako. Tangu macho ya baba yaingie ukungu wewe ndiye msomaji wa nyumba, na nakuona hapo ulipo, umesimama karibu na dirisha la karakana, unasafisha koo kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nakuomba usome neno kwa neno. Usifupishe, usipambe, usiseme mwandiko hausomeki. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, na nimechagua barua kwa sababu simu yako ina tabia ya kupoteza mtandao kila ninapofika penye maana.

Baba, ujumbe wako niliupata. Naurudia hapa ili usije ukadhani sikuuelewa. Umesema nisikanyage nyumbani mpaka Jumamosi, watakapokaa wazee wa ukoo. Siku hiyo nije nimevaa nguo ya heshima, ile ovaroli yangu ya rangi ya chungwa niilete kwenye mfuko, niiweke chini mbele ya watu, niseme kwamba jina la Kitasa nimeliacha na makelele nimeyaacha. Kisha nirudi karakana, nikae nyuma kwenye mashine, nichonge funguo chini ya kaka. Nisipofanya hivyo nisijiite tena binti yako. Umesema katika umri wako wote wa kufungua milango ya watu hujawahi kuulizwa jina na askari, na mimi nimepandishwa gari la polisi mchana kweupe, mbele ya kadamnasi.

Nimesikia. Jibu langu ni hapana. Nalitoa mapema ili usisikilize barua nzima ukingoja nilie. Yanayofuata ni sababu zangu, na mbele huko kuna jambo ambalo hujaambiwa na mtu yeyote.

Wewe ulitufundisha kwamba fundi wa vitasa ni kivuli. Anaingia kimya, anafungua kimya, anaondoka kabla mwenye nyumba hajamaliza kushukuru. Karakana yako haina kibao mpaka leo. Ulisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kweli wateja walikuja, wakiulizana njiani kwa mzee wa vitasa ni wapi. Mimi nilikaa nyuma ya mashine nikachonga funguo mpaka vumbi la shaba likaniganda kwenye kope, na mteja akitaka fundi wa kumfuata nyumbani, anatajiwa kaka. Kaka akiwa amelala, anaamshwa. Unakumbuka ile siku kaka alipokuwa na homa, akaja mama mmoja analia kwamba mtoto wake kajifungia chooni? Nilibeba kisanduku, nikaenda, nikafungua, nikamtoa mtoto. Kesho yake yule mama akaleta shukrani, akampa kaka. Kaka akazipokea akiwa ndani ya blanketi. Siku hiyo nilielewa kwamba kivuli hakina jina, na watu wakitaka kukipa jina hukipa la mwanamume aliye karibu.

Ndipo nikahamia huku ng'ambo ya mji, nikapanga kibanda ubavuni mwa saluni ya msusi mmoja mwenye redio isiyozimwa. Siku za mwanzo nilikuwa kivuli kama ulivyonifunza, na kivuli kilishinda njaa. Watu walipita mbele yangu wakiulizana fundi wa vitasa anapatikana wapi. Msusi akawa ananicheka. Alisema hao wanamuziki ninaowasikia kutwa hapo kwake hakuna hata mmoja aliyekuja kujitambulisha, lakini gita likilia mara moja tu, kabla mtu hajafungua mdomo, mteja aliyeinamishwa kichwa anasukwa anamtaja mwimbaji. Akaniuliza, mimi nikilia mara moja, nani atanitaja? Nikaanza kuisikiliza ile redio kwa sikio la kazi.

Kaka, hapa soma taratibu, maana najua baba ameshaanza kuguna. Baba, kwako mwanamuziki ni mhuni aliyepewa kipaza sauti. Sawa, lakini sikiliza nilichokiona. Yupo kijana mmoja ambaye kila wimbo anauanza kwa kujitaja jina, anabisha hodi kwanza ndipo aingie. Yupo mama wa makamo ambaye hajawahi kuonekana bila kilemba cheupe. Siku akikivua, hata mumewe atampita njiani. Ipo bendi ya wazee ambao ngoma yao ya kuingilia ni ileile tangu sijazaliwa, na ikianza tu, dereva anapunguza mwendo. Hakuna hata mmoja wao anayeimba vizuri kuliko watu wote. Wapo wanaoimba vizuri zaidi, wanaimba bafuni kwao, na sabuni ndiyo inayowajua. Hawa wengine walichagua alama moja, wakaishikilia mpaka watu wakaichoka, na watu walipoichoka wakaendelea kuishikilia.

Mwanzoni niliiga vibaya, sikufichi. Nilinunua miwani myeusi kama ya yule kijana, nikaenda nayo kazini, nikapiga magoti mbele ya mlango wa mwalimu mmoja na kuchokora ukuta badala ya tundu la ufunguo. Nikajipa jina refu lenye neno malkia ndani yake, nikaliandika kwenye kibanda kwa rangi nyekundu, na mtaa ukacheka mpaka nikalipaka chokaa juu. Nikaanza kuongelea puani, maneno nusunusu kama ya kwenye nyimbo. Bibi mmoja akaniuliza kama mafua yangu nimeyatafutia dawa. Ningeendelea kujiaibisha hivyo kama si kazi niliyoipata kwenye ukumbi wa muziki.

Waliniita nibadilishe vitasa vya vyumba vya kuvalia. Nilikuwa nimeinama mlangoni alipoingia mwimbaji ambaye picha zake zimebandikwa kila ukuta wa mji huu. Sitamtaja, nawe hutamjua. Alivaa ndala na fulana iliyofumuka begani, amechoka, anaulizia maji ya moto ya koo. Ningepishana naye sokoni nisimgeukie. Mchana ule wote alikaa na wapigaji wake wakirudia kipande kimoja tu, kile cha kuingilia, tena na tena, mpaka mimi mwenye bisibisi nikawa nageuza skrubu kwa mdundo wao. Hakuna aliyelalamika. Baba, huo si uhuni. Nakumbuka wewe ulivyonifanya nifungue kitasa kimoja mchana kutwa mpaka vidole vikavimba, na ukaita mafunzo.

Jioni ilipokaribia alivaa koti lake jeupe, akanyooka, akawa yule wa kwenye kuta. Kabla hajatoka akaniuliza kama mlango utafunga vizuri. Nikamwambia utafunga, nami nikapata ujasiri nikamuuliza mtu anafanyaje ili akumbukwe wakati waimbaji wamejaa tele. Hakunicheka. Alisema mtu akitoka hapa hawezi kubeba vitu kumi, mpe kimoja aende nacho. Akaongeza kwamba kiitikio usikimalize mwenyewe, waachie watu, kwa sababu mtu anaweza kusahau ulichomwimbia, ila alichokiimba yeye hakisahau. Kisha akapanda jukwaani, nami nikasikiliza kupitia ule mlango. Kila alipofika kwenye kiitikio alinyamaza, na ukumbi mzima ukamalizia.

Nilirudi nikiwaza fundi wa vitasa ana kiitikio gani. Kumbe kipo, baba. Ni lile swali ambalo kila fundi anapaswa kuuliza kabla hajagusa mlango, na ambalo sisi nyumbani tuliuliza kwa kunong'ona, na mara nyingine hatukuuliza kabisa, kwa sababu ulisema mteja mwenye heshima zake hahojiwi.

Basi nikashona ovaroli ya rangi ya chungwa, na nyingine ya kubadilisha, na tangu hapo sijavaa rangi nyingine kazini. Nikifika kwenye nyumba ya mtu sigusi kitasa. Nasimama mlangoni, naugeukia mtaa, natoa sauti yote niliyojaliwa: mlango huu wa nani? Mara ya kwanza walinitazama wakadhani nimerukwa na akili. Kisha mzee mmoja wanayemwita Babu Redio akajibu kwa mzaha kwamba ni wa mdeni wake. Jirani akadakia, na mwingine akadakia. Siku hizi nikikanyaga tu mtaani, wamama wanatoka na miko mikononi, watoto wanajipanga, nauliza mara moja na mtaa mzima unaitikia: wa mwalimu, wa mama pacha, wa yule bahili wa ghorofani. Mwenye mlango akicheka, nafungua. Mtaa usipoitikia sifungui, hata mteja awe amevaa suti ya harusi. Hiyo ndiyo sheria yangu, na imetoka kwa hao wahuni wako.

Jina la Kitasa sikujipa. Walinipa watoto, wakilipigia makofi, nami nikalipokea kwa mikono miwili. Sasa mama akikwama nje ya nyumba yake na chungu kiko jikoni, hasemi tafuta fundi. Anasema niitieni Kitasa. Uliniambia debe tupu haliachi kuvuma. Kuvuma nakubali. Utupu ndio ninaoukataa, na kama hunisadiki njoo upapase kazi yangu kwa vidole vyako, maana vidole vyako havijaingia ukungu. Na kaka aliyesema nanadi kazi kama mpiga debe, mwambie biashara matangazo, na mpiga debe angalau husema gari linakwenda wapi.

Sasa nifike kwenye lile gari la polisi.

Jirani na hospitali kuna maghorofa, na humo anakaa nesi mmoja mjane. Alitoka zamu ya mchana akakuta nyumba imekombwa. Cherehani haipo, televisheni haipo, sanduku la nguo za marehemu mumewe halipo. Mlango mzima, kitasa kizima, hakuna palipovunjwa. Majirani hawakusikia hata kikohozi. Kesho yake polisi wakauliza fundi wa vitasa hapa ni nani, na kila mdomo ukawa na jina moja. Hapo nakupa haki yako, baba: anayejulikana ndiye anayetajwa kwanza. Walinichukua mbele ya msusi na wateja wake, mmoja akiwa amesukwa nusu kichwa. Nilikaa kwenye benchi la kituo na rangi yangu ya chungwa, kila anayepita ananigeukia. Niliogopa. Nilikuwaza wewe, nikasema labda mzee wangu alisema kweli, labda ningekuwa nyuma ya mashine saa hizi, napulizia vumbi la shaba.

Kisha wakaanza kuingia. Alitangulia msusi, na yule mteja wa nusu kichwa. Nyuma yao wamama wa mtaa wa pili, Babu Redio na fimbo yake, na mama pacha na pacha wake wote. Wakasema saa ile aliyoibiwa nesi, mimi nilikuwa mtaani kwao nauliza mlango wa nani, na wao ndio walioitikia. Mpelelezi akadhani wamepikwa. Akawatenganisha, akamhoji kila mmoja peke yake: nilivaa nini, nilisema nini, nani alijibu nini. Majibu yakawa mamoja. Bibi mmoja hakuridhika na kueleza tu. Alisimama katikati ya kituo akaliuliza lile swali kwa sauti yangu, na askari wa kaunta akajikuta ameitikia kwamba mlango huo ni wa serikali. Watu walicheka mpaka mahabusu nao wakacheka. Niliachiwa kabla jua halijazama. Sasa niambie baba, kivuli kingepata wapi mashahidi wa namna hiyo?

Wewe uliletewa nusu ya habari. Uliambiwa nimekamatwa, hukuambiwa kwamba nilitoka kwa heshima, na kwamba mpelelezi mwenyewe aliniomba msaada. Kaka, kunywa maji kwanza, halafu uendelee.

Mpelelezi alikuwa amekitoa kile kitasa cha nesi mlangoni na kukileta kituoni. Akaniomba nikitazame, nimwambie kilifunguliwa vipi. Nilikiinamisha juu ya karatasi nyeupe nikakigonga kidogo, ukamwagika unga mweusi. Nikausugua kwa vidole, ukateleza. Baba, ulikuwa unga wa penseli ya seremala. Mafundi wengine wa mji huu hutia mafuta, au hawatii kitu. Unga wa penseli ni wako. Ulinikalisha chini, ukakwangua penseli kwa wembe, ukaupuliza kwenye tundu kwa mrija wa kalamu, ukasema mlango ukishaufungua uuache mlaini kuliko ulivyoukuta, hiyo ndiyo adabu ya nyumba yetu. Hujamfundisha mtu baki. Wewe siku hizi hutoki. Mimi nilikuwa mtaa wa pili, na mtaa wa pili wote ulinisikia.

Aliyefungua mlango wa nesi ni kaka.

Si mwizi, na hili naliandika kwa herufi kubwa kuliko yote. Mwizi hamtilii unga wa penseli mtu anayemwibia. Aliyefanya vile alikuwa anafanya kazi yake kwa uaminifu, kimya, kama tulivyofunzwa. Aliyemdanganya namjua, kwa sababu alianzia kwangu. Asubuhi ya siku ya wizi alikuja kibandani mwanamume mmoja mwenye tai na sauti ya upole, akasema amepoteza funguo za nyumba yake kule kwenye maghorofa. Nikamwambia twende, ila mtaa nitauuliza kwanza. Akatabasamu. Akasema yeye ni mtu wa heshima zake, hapendi kelele, atatafuta fundi mstaarabu asiye na maswali. Nilimwona anavuka barabara, nikasema kwaheri ya kuonana. Sikujua anakwenda kwetu. Lakini angekwenda wapi kwingine, baba? Kwa ustaarabu wa namna hiyo nyumba yetu inasifika.

Kaka, sasa nasema na wewe. Habari za nesi ziliposambaa ulijua ni mlango gani, kwa sababu mkono wako haujasahau kazi uliyoifanya. Na bado ukachukua simu, ukanihukumu kwa niaba ya baba, ukanitaka nivue jina ambalo siku ile lilikaa kwenye benchi la polisi kwa ajili yako. Nyani haoni kundule, lakini wewe uliliona, ukalifunika kwa ovaroli yangu. Nimekasirika, kaka. Nimekasirika mpaka nimevunja bisibisi ninayoipenda. Hata hivyo sikukutaja. Nilimwambia mpelelezi aliyefungua ni fundi aliyedanganywa, kwamba alimwona mwizi uso kwa uso, na kwamba wiki ijayo atakuja kwa miguu yake kueleza. Yule nesi nilikwenda kumwona. Hata yeye sikumtajia jina lako, lakini hana haja ya kumfunga huyo fundi. Cherehani amesema itanunuliwa nyingine. Anachokililia ni lile sanduku la nguo, kwa sababu alikuwa bado hajazifua tangu mumewe azivae, na katika mji mzima wewe peke yako ndiye unayeweza kusema mwizi ana sura gani.

Na wewe baba, ukisikia haya usimpigie kelele. Mimi ndiye mpiga kelele wa nyumba hii, niachie mwenyewe. Ulimfundisha asiulize, naye hakuuliza. Kama kuna wa kulaumiwa, tujilaumu sote watatu, tuliokuwa tunaona ukimya ndio heshima, na hatukuwahi kujiuliza nani anafaidika nao.

Unaweza kuruka, kaka. Ukitoka pale mpelelezi aliponiomba msaada, ukashukia kwenye salamu za mwisho, baba hatahisi pengo. Nimeipanga hivyo makusudi. Hakuna nakala nyingine, na hata msusi sijamwambia. Baba ataendelea kuamini kwamba ana mwana mmoja mwadilifu na binti mmoja aliyeharibikiwa. Siwezi kukushika ulimi kutoka ng'ambo ya mji. Ila jina langu silivui, na lawama yako siivai.

Jumamosi nitakuja. Ovaroli nitakuwa nimeivaa, imefuliwa na kupigwa pasi, si ya kwenye mfuko. Nitaketi mbele ya wazee na nitajibu kila nitakachoulizwa. Nikiingia, nitamtazama baba usoni, nami nitajua barua hii ilisomwa mpaka wapi. Kama ilisomwa yote, nitakushika mkono kaka yangu, twende wote kituoni, na nitakaa nawe kwenye benchi mpaka watakapokuita. Kama haikusomwa yote, nitaiomba, na nitamsomea baba mwenyewe tangu mwanzo, kwa sauti hiihii msiyoipenda.

Nakutakia nafuu, baba. Kifua kikikubana usilale chali, na dawa ya macho usiiache kwa kuwa inawasha. Wifi mwambie nimemshonea mtoto wake wa mwisho kaptula kutokana na kitambaa kilichobaki. Rangi yake mtaiona wenyewe. Wazee wa ukoo wasalimu kabla hawajakaa kwenye viti, maana wakishakaa sijui kama watakuwa na nafasi ya salamu. Nakupenda, nakuheshimu, na sitarudi nyuma ya mashine.

Ni mimi binti yako,

Kitasa